Nipe Mji wa Mama

Mjukuu wangu alisoma masomo mawili kwa mpigo huko chuo kikuu: uchumi, na jiografia ya watu. Barua ya kumkubali ilipokuja niliisoma mara tatu nikiwa kwenye cherehani, mguu juu ya pedali, maana nilidhani wamekosea kuandika. Jiografia niliyosoma mimi, ya darasa la saba, ilikuwa ya mito na milima. Fundi viatu, ambaye kibanda chake kinatazamana na baraza yangu, naye akashangaa. Akauliza kama watu nao wana jiografia, kwa sababu yeye alidhani wana vitambi tu.

Mtoto akatueleza. Jiografia ya watu ni kujua watu wanakaa wapi, wanahamia wapi, na wakihama wanaacha nini nyuma. Uchumi ni kujua mtu anachagua vipi pale mahitaji yanapokuwa mengi na kilichopo kidogo. Fundi viatu akasema basi yeye ni profesa wa uchumi tangu azaliwe, wamletee joho. Tukacheka mpaka mteja wake akadai kiatu chake.

Baadaye, tulipobaki wawili tukikunja nguo za watu, akaniambia sababu yake hasa.

"Uchumi utaniambia kwa nini mama aliondoka, Bibi. Jiografia itaniambia aliko."

Nilikuwa na pini midomoni. Nilimshukuru Mungu kwa zile pini, maana mwenye pini midomoni hadaiwi jibu.

Sisi nyumbani tunamwita Kwanini. Jina alijitafutia mwenyewe kwa kuuliza. Kwa nini jogoo hawiki jioni, kwa nini sindano ina jicho lakini haioni, kwa nini mama kaenda mbali. Mama yake, mwanangu wa pekee, aliondoka mtoto akiwa na miaka minne. Alipanda basi pamoja na Msusi, rafiki yake wa mtaani, wakavuka mpaka kwenda kufagia maofisi kwenye nchi ya watu. Walikwenda mji wa viwanda, wakapanga chumba kimoja wawili. Barua zilikuja kwa mikono ya wasafiri, fupi, zimejaa salamu.

Mimi ni mtu wa vitendawili. Mama yangu alinilea navyo na mimi nikamlea navyo mjukuu. Kazi ya kushona inachosha mgongo na haichoshi mdomo, basi tulitegeana kutwa. "Hana miguu, kafika kabla yangu." Hiyo ni habari. "Namlisha uzi kutwa, hashibi." Hiyo ni cherehani. Mnajua desturi ya mchezo wenyewe: ukishindwa kujibu, unampa mwenzako mji, aupokee, aende, arudi, ndipo aseme jibu. Kwanini alikuwa na kanuni yake. Nikimpa mji mkuu, hautaki. Nikimpa mji wa bandari na meli zake zote, hautaki. Alitaka mji mmoja tu.

"Nipe mji wa mama."

Nampa. Anafumba macho, anasema, "Mji nimeupokea. Nimekwenda. Nimemwona mama. Nimerudi." Halafu ndipo anatoa jibu. Mara nyingine nilijifanya nimeshindwa, nikijua jibu, ili tu mtoto asafiri.

Alipokuwa darasa la nne, Msusi akarudi peke yake. Sikuwa na haja ya kuambiwa. Nilimwona akiingia barazani na mikoba miwili, na mmoja niliushona mimi mwenyewe. Mwanangu alikuwa ameshikwa na kifua, wakadhani ni mafua, siku ya tano akafa hospitali. Wamemzika kulekule mji wa viwanda, kwa michango ya wafagiaji wenzake. Msusi alikaa chini kwenye vipande vya kitambaa akalia, na mimi nikaendelea kupinda pindo la suruali ya mtu mpaka nikafika mwisho wake, maana sikujua mikono niiweke wapi.

Mtoto alikuwa shuleni. Wiki ile alikuwa na mtihani.

Nikamwambia Msusi tusimwambie leo. Amalize mtihani kwanza. Majirani walipokuja kunipa pole niliwaambia hivyohivyo, wakaitikia kwamba ni kweli, mtoto asivurugwe kichwa. Mtihani ukaisha, akawa wa pili darasani, akarudi anarukaruka. Nani angemkata mguu siku ile? Nikasema nitamwambia likizo. Likizo ikaja na homa. Mwaka uliofuata kukawa na mtihani mwingine, na baada ya huo mwingine, kisha wa darasa la saba ambao mtu hatikiswi akiukaribia, kisha vidato. Wale waliosomesha watoto wanajua kwamba mitihani haina mwisho. Mshono ukipinda mwanzo unatakiwa uufumue palepale. Mimi niliendelea kukanyaga pedali.

Na ule mkoba, nitasema yote, niliugawa. Ulikuwa na sweta la kijani, kitambaa cha kichwa, mwavuli mdogo, saa ya mkono ya kamba nyekundu, shuka, mshumaa wa harufu ambao haujawashwa, na viatu vya kufungia kamba. Nilitoa kitu kimoja kila mwaka. Sweta nililipunguza mikono, nikalifua, nikalipiga pasi, nikamwambia mama yako amekutumia kwa msafiri, barua hakupata nafasi ya kuandika. Alilala nalo wiki nzima. Alipouliza namba ya simu, nilisema mwajiri hataki simu kazini. Alipouliza tena nilisema namba imebadilika. Viatu vilikuwa vya mwisho, alipokuwa kidato cha nne, na vilimtosha kama vilivyo. Baada ya hapo mkoba ukawa mtupu na mimi sikuwa na cha kusema.

Tangu mwaka ule hakuomba tena mji wa mama. Akinitegea kitendawili nikashindwa, anapokea mji wowote ninaompa. Mimi, mpumbavu mzee, nilifurahi. Nilidhani amekua.

Huko chuo alihangaika. Masomo mawili ni kama wake wenza, kila mmoja anataka kupikiwa kwanza. Jengo la uchumi liko upande huu, la jiografia upande ule, na kati yao ngazi nyingi. Aliniambia watu wa uchumi wanamlaumu kwamba analeta hadithi badala ya takwimu, na watu wa jiografia wanamlaumu kwamba analeta takwimu na hawaoni watu. Nikamwambia awe kama mkasi, una makali mawili na kitambaa ni kimoja. Alilipenda hilo, akasema amelisema mbele ya mwalimu wake, na mwalimu ameandika.

Mwaka wa tatu ikabidi afanye utafiti wake mwenyewe, aandike kitabu. Kila mwanafunzi achague mahali. Akachagua mtaa wetu.

Alikuja na bunda la karatasi za maswali, wanaziita hojaji, nakala arobaini na moja, moja kwa kila nyumba. Alitaka kujua ni nani aliyehama mtaani kwetu kwenda kutafuta kazi, mwaka gani, mji gani, na alipofika alimkuta nani wa hapahapa. Alinieleza kwamba watu hawahami kama majani, wanafuatana. Mmoja akitangulia anamvuta mwenzake, na ukichora mistari yao unaona kama uzi, na uzi huo ndio unaosema kazi iko wapi na mshahara uko wapi. Macho yalimng'aa. Alisema ataanza kesho saa nne, watu wakiwa wameshaamka vizuri.

Mimi nilianza saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Nilijifunga kitambaa nikapita mlango kwa mlango kama mkusanya madeni. Niliwaomba wakiulizwa kuhusu mwanangu waseme yupo, anafanya kazi, mzima. Fundi viatu alisema hana neno. Mama Pacha, jirani yangu wa ukuta, alinishika mkono akasema nisiwe na wasiwasi. Mzee Redio, anayetengeneza redio mwisho wa mtaa, alisema yeye kusema uongo ni dhambi lakini kwa ajili ya kitabu cha mtoto Mungu ataelewa. Msusi peke yake ndiye aliyekataa. Alikuwa anafungua saluni yake, funguo mkononi.

"Mama, huyu ni mtu mzima sasa. Mwambie."

Nikasema nitamwambia. Akishamaliza kitabu tu.

"Ulisema hivyohivyo akiwa darasa la nne," akasema, akaingia ndani.

Kosa langu lilikuwa moja, na sikuliona mpaka lilipowekwa mezani. Niliwaambia waseme yupo. Sikuwaambia waseme yupo wapi.

Siku tisa mtoto alizunguka. Alirudi mchana amechoka, anakula, ananakili. Siku za kwanza alinisimulia vichekesho vya majibu. Kulikuwa na bwana aliyeulizwa wangapi wamehama nyumbani kwake akasema mke tu, na hakwenda mbali, yuko nyumba ya tatu. Siku ya saba akawa kimya. Siku ya nane aliazima kwangu pini na vibunda vya nyuzi za rangi. Siku ya kumi aliniomba meza yangu ya kukatia.

Ilikuwa baada ya chakula cha mchana, jua limeingia mpaka kwenye kizingiti. Alitandika ramani kubwa mezani. Mtaa wetu aliuchora mwenyewe, nyumba kwa nyumba, hata kibanda cha fundi viatu. Kutoka kila nyumba uzi ulitoka, ukavuka karatasi, ukafungwa kwenye pini ya mji fulani. Bluu kwa wanaume, njano kwa wanawake. Nyumba yetu ilikuwa na uzi mwekundu. Ilikuwa na nyuzi nyekundu tatu.

"Kitendawili," akasema.

Miezi mingi hakuwa amesema neno hilo.

"Tega."

"Mwaka jana peke yake ana vyumba vitatu katika miji mitatu. Na aliyelala naye chumba kimoja hajui aliko."

Nikaangalia zile pini. Kaka yake fundi viatu, kwa mujibu wa karatasi, alimkuta mwanangu mji wa bandari, mpishi wa hoteli. Mume wa Mama Pacha alimkuta mji mkuu, anamlea mzee tajiri, nyumba ina geti la bluu na maua. Mtoto wa Mzee Redio alimkuta mji wa viwanda, msimamizi wa wafagiaji, amenenepa. Kila mmoja, kwa wema wake, alimpa mwanangu kazi nzuri kuliko aliyokuwa nayo. Na Msusi, aliyepanda naye basi moja, alikuwa amesema maneno mawili: andika sijui.

Jibu nililijua. Lakini mdomo ukaenda njia yake ya zamani.

"Umenishinda. Nakupa mji mkuu."

"Siutaki."

"Nakupa mji wa bandari."

"Siutaki, Bibi. Nipe mji wa mama. Ule wa kweli."

Cherehani ilikuwa nyuma yangu. Nilishika gurudumu lake lisizunguke, ingawa halikuwa likizunguka. Nikamwambia. Nilimwambia mji, nikamwambia hospitali, nikamwambia kifua na siku tano. Nikamwambia alikuwa darasa la nne, mwezi wa sita, wiki ya mtihani. Sauti yangu ilikuwa ya mtu anayesoma vipimo vya nguo ya mteja.

Hakulia. Alianza kuhesabu vitu, kimoja kimoja, na mimi naitikia.

"Sweta?"

"Lake."

"Saa?"

"Yake."

"Viatu vile?"

"Vyake, mama. Vyote vyake."

Akacheka kidogo, kicheko kikavu. Akasema nimegawa mkoba mmoja kwa miaka saba, na mwalimu wake wa uchumi angenipa alama zote, maana hilo ndilo somo lenyewe: kilichopo ni kidogo na mahitaji hayaishi. Nikajaribu kucheka naye. Ndipo akainamia meza.

"Ulipoacha kuleta vitu, nilijua amenichoka," akasema. "Nilisema ana watoto wengine. Nimemchukia, Bibi. Miaka mitano nimemchukia mtu aliyelala kaburini, na hata hakunikosea."

Hilo sikuwa nimelipima. Miaka yote nilifikiri namkinga na msiba. Nilidhani msiba ni mlango mmoja tu, ukiufunga haupiti. Kumbe ulizunguka nyuma ya nyumba, ukamwingilia kwa dirisha, ukakaa naye chumbani bila mimi kujua.

Nilitaka kumshika. Akanyoosha mkono, si kwa ubaya, kama mtu anayesema ngoja. Akaanza kufungua nyuzi nyekundu. Alifungua ya bandari, akaizungushia kwenye kibunda chake vizuri, asiikate, maana amelelewa nyumba ya ushonaji. Akafungua ya mji mkuu, akafanya vilevile. Ya mji wa viwanda akaiacha.

Halafu akachomoa karatasi moja kutoka chini ya bunda. Ilikuwa hojaji ya nyumba yetu, haijajazwa. Aliiweka mbele yangu pamoja na kalamu.

"Jaza mwenyewe," akasema. "Mimi sitakuuliza."

Akatoka, akapita kibanda cha fundi viatu bila salamu, akaenda saluni kwa Msusi. Nilibaki nimekaa. Mtoto tunayemwita Kwanini hakuniuliza kwa nini. Angeniuliza ningekuwa na majibu, nimeyatunza miaka kumi na mbili, yamejaa kabati. Hakuyataka.

Nikaijaza kwa mwandiko wangu wa darasa la saba. Waliohama katika nyumba hii: mmoja. Uhusiano na mwenye nyumba: mtoto. Kazi aliyokwenda kufanya: kufagia. Nikafika swali la hali yake ya sasa. Kulikuwa na visanduku vitatu: bado yuko huko, amerudi, haijulikani. Nilivitazama sana. Nikachukua rula yangu ya kukatia na kalamu, nikachora kisanduku cha nne, kimenyooka, sawa na vingine kwa upana. Nikatia alama. Pembeni sikuandika neno.

Alirudi jua limeshaondoka kizingitini, macho yamevimba, nywele zimesukwa upya. Msusi alimsuka huku anamsimulia, nadhani, kwa sababu misuko ilikuwa midogomidogo, ya kuchukua saa nyingi. Aliisoma karatasi amesimama. Kidole chake kilikaa kwenye kile kisanduku. Akaiweka pamoja na nyingine arobaini, akafunga bunda kwa mpira.

Kesho yake akarudi chuo. Aliniaga kwa heshima, shikamoo na kila kitu, na ndiyo iliyoniumiza, maana sisi tulikuwa tunaagana kwa matani.

Majirani walikuja mmoja mmoja kuniomba radhi kana kwamba wao ndio waliokosa. Mama Pacha alilia kwa sababu ya lile geti la bluu. Alisema hakujua anaongeza chumvi ya kuua. Fundi viatu hakuja, ila aliacha kupiga nyundo nusu siku, na kwa mtu yule hiyo ni maombolezo.

Likizo iliyofuata mjukuu hakuja. Alipiga simu Jumapili, akauliza mgongo wangu, nikauliza masomo yake. Nilitaka kusema kitendawili. Nikaogopa hatasema tega. Kitabu chake kilipomalizika, alituma nakala kwa mkono wa Msusi, aliyekuwa amekwenda mjini kununua nywele. Kina jalada gumu. Sielewi kurasa nyingi, zina hesabu zenye herufi ndani yake. Lakini ramani naielewa. Mtaa wetu uko pale, na pembeni pale wanapoeleza alama, kuna alama nne. Ya nne ni kisanduku, kimenyooka, na katika ramani nzima kimetumika mara moja. Msusi aliambiwa kwamba mwalimu alitaka kiondolewe, kwani mtu mmoja hajengi takwimu. Kwanini alikataa. Alikubali kupunguziwa alama.

Mwezi uliopita Msusi akaniaga, anasafiri siku chache. Hakusema wapi na mimi sikuuliza. Siku ya tatu simu ikalia, nikiwa naweka zipu kwenye sketi ya mwalimu. Nilisikia upepo, na honi ya gari mbali.

"Kitendawili, Bibi."

Nilishuka kwenye kiti nikakaa chini kabisa.

"Tega."

Hakutega. Nikamsikia anapumua, na nyuma yake sauti ya Msusi ikimwonyesha kitu, hapa, hapa penye jiwe. Nikaelewa kwamba nimeshindwa kabla ya kuulizwa, na kwamba zamu ya kutoa ni yangu.

"Nakupa mji wa mama," nikasema.

"Mji nimeupokea. Nimekwenda." Sauti ikakatika, ikarudi. "Nimemwona mama."

Nikangoja neno la mwisho. Kuna neno moja linabaki pale, lile la kurudi, analijua tangu ana miaka minne. Nilibana simu sikioni kwa mikono miwili. Upepo ukavuma, honi ikapita, halafu simu ikakatika.

Ile sketi nimeimaliza. Mwalimu ameichukua. Kila gari likisimama mtaani naondoa mguu kwenye pedali, nasikiliza.